720,720: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu hii namba

Nafundisha hesabu za tuisheni huku Kirumba, Mwanza, na hii namba nimeiandika kubwa juu ya ubao na haifutwi, basi kila dogo mpya anauliza, mzazi akija kulipa anauliza, hadi wauza dagaa wanaopita mlangoni kwenda Mwaloni wanauliza. Nimeamua niyajibu yote sehemu moja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananifurahisha, mengine hayastahili hata mistari mitatu.

Ticha, kwani hii namba ina nini?

Inagawanyika kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, twende hivyo hivyo, 7 yumo, 11 yumo, 13 yumo, mpaka 16, na kote huko habaki mtu. Afu ndo ndogo kuliko zote zinazoweza kufanya hivyo, chini yake ukiacha sifuri hamna. Waliosoma shule ya msingi wakasikiliza watakumbuka KDS, kigawe kidogo cha shirika. Basi hii ni KDS ya 1 mpaka 16.

La pili ndo linanikosesha usingizi zaidi. Ina vigawo 240. Yani ukitafuta namba zote zinazoigawa bila baki, kuanzia 1 mpaka yenyewe, utapata 240, na katika zote zilizo chini yake, zaidi ya laki saba hizo, hamna hata moja inayofikisha idadi hiyo. Iliyokuwa inashikilia rekodi kabla yake ni 665,280 na ilikuwa na 224. Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe, ukichukua namba zote kuanzia 1 mpaka hapo ukatafuta wastani wa vigawo vyake unapata kati ya 13 na 14. Wenzie wana kumi na kitu, yeye ana mia mbili arobaini.

Si bora milioni moja kamili? Mbona hii inaonekana imekaa kihuni tu

Milioni ni kamili kwa macho tu. Ukiivunja unakuta 2 sita na 5 sita zimezidishwa, basi, hamna kingine ndani, kwa hiyo vigawo vyake ni 49. Wagawie watu watatu milioni uone, kila mmoja 333,333 na shilingi moja inabaki mezani mnaangaliana. Kwa watu saba ndo usiseme.

Namba ikiishia na sifuri nyingi watu wanadhani ni rahisi kugawa, kumbe sifuri zinakuhakikishia 2 na 5 tu. Angalia hata ziwa letu, vitabu vinasema lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,800, inaonekana namba nzuri, lakini ivunje: 2 sita, 5 mbili, afu 43. Vigawo 42, na haigawanyiki hata kwa 3, wakati nchi zenye ziwa ziko tatu. (Najua hawakugawana sawa, Kenya ina kama asilimia 6 tu, msinianzie.)

Sisi kwenye kikundi tuko 13. Kweli tukigawana shilingi 720,720 hakuna ugomvi?

Kila mtu 55,440 na hakibaki kitu. Mkiwa 7 ni 102,960. Mkiwa 11 ni 65,520, mkiwa 14 ni 51,480, mkiwa 16 ni 45,045. Na uzuri wake ni kwamba hata watu wakipungua siku ya mgao, mmoja yuko Ukerewe msibani, wawili wamekorofishana wamejitoa, bado hesabu inakaa, maana idadi yoyote isiyozidi 16 inapita. Watu wa dagaa wanajua hii hali, mwezi ukiwa mkubwa hamna kazi ziwani, watu wako nchi kavu, na mgao unafanyika kwa waliopo.

Tatizo lake ni la kibinadamu tu, hiyo ishirini au arobaini ya mwisho utaitoa wapi siku hizi. Kwa simu inaenda yote mpaka shilingi ya mwisho, kwa mkononi mtasameheana.

Zaidi ya 16 je? Mkiwa 18 inagawanyika, 20, 21, 22, 24, 26, 28 na 30 pia. Msije mkawa 17, 19, 23, 25, 27 au 29.

Umejuaje vigawo ni 240? Umevihesabu kimoja kimoja?

Hapana mama, nani ana muda huo. Unaivunja kwanza mpaka mwisho, kwa namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki tena:

2 × 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13

Zidisha uone kama hupati 720,720. Sasa kigawo chochote cha hii namba lazima kitengenezwe na vipande hivi hivi, hakiwezi kuleta kipande cha nje. Kwa hiyo ukitaka kuunda kigawo unajiuliza tu, nichukue 2 ngapi? Unaweza usichukue kabisa, au moja, au mbili, tatu, nne, jumla chaguo 5. Nichukue 3 ngapi? Hakuna, moja, mbili, chaguo 3. 5 naichukua au naiacha, chaguo 2. 7 hivyo hivyo 2, 11 nayo 2, 13 nayo 2. Zidisha chaguo zote:

5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240

Umemaliza. Mfano ukichukua 2 tatu, 3 moja, 5 na 7, unapata 840. Ulivyoviacha, yani 2 moja, 3 moja, 11 na 13, ukivizidisha unapata 858. Na 840 × 858 ni 720,720. Vigawo vyote vinakaa kwa jozi namna hii, jozi 120, na hiyo jozi ya 840 na 858 ndo iliyokaribiana kuliko zote, katikati yao hamna kigawo kingine. Mwanafunzi akielewa hapa hata ukimpa namba gani ya kidato cha nne anaitafuna.

Sawa, lakini kwanini 13 imo? Si ungeongeza 2 na 3 nyingi tu ambazo ni ndogo?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote na wachache sana wanaliuliza.

Chukulia unaenda sokoni kununua vigawo. Unataka vigawo vingi kwa bei ndogo, na bei ni kwamba kila kipande unachoongeza kinaikuza namba yako. Anza na 55,440, ambayo nayo ilivunja rekodi zamani zake, ni 2 nne, 3 mbili, 5, 7 na 11, ina vigawo 120. Unataka uvifanye viwe 240, yani mara mbili. Unalipa bei gani?

Njia ya kwanza, leta namba tasa mpya ambayo haikuwemo. 13 haikuwemo, ukiizidisha chaguo linaongezeka "naichukua au naiacha" kwa hiyo vigawo vinakuwa mara mbili. Bei: mara 13. Unatua 720,720.

Njia ya pili, nunua 3 moja na 5 moja. 3 zilikuwa mbili zinakuwa tatu, chaguo zinatoka 3 kwenda 4, na 5 zinakuwa mbili, chaguo zinatoka 2 kwenda 3. Vigawo vinapanda mara 4/3 afu mara 3/2, jumla mara mbili, vizuri, 240. Bei: mara 15. Unatua 831,600.

Njia ya tatu, leta 17 badala ya 13. Vigawo 240 hivyo hivyo, bei mara 17, unatua 942,480. Hapo umepigwa.

Njia ya nne ni ile ya kwako, 2 na 3 tu. Ongeza 2 moja na 3 mbili, 2 zinakuwa tano, 3 zinakuwa nne, hesabu chaguo: 6 × 5 × 2 × 2 × 2 = 240. Bei: mara 18! Unatua 997,920. Ndo ghali kuliko zote, wakati ulikuwa unanunua vitu vidogo vidogo.

Umeona mchezo? 2 ya kwanza inakupa vigawo mara mbili kwa bei ya mara mbili tu, hamna dili kama hiyo. Lakini 2 ya tano, ulishakuwa na chaguo 5 zinakuwa 6, umeongeza moja ya tano tu, na bei bado ni ile ile mara mbili. Kadiri unavyorudia kipande kile kile ndo faida inavyopungua, inafika mahali namba tasa kubwa uliyokuwa unaiogopa inakuwa rahisi kuliko kurundika 2. Kwa hiyo 720,720 haina uchawi wowote, ni manunuzi yaliyofanyika vizuri, kila kipande kimeingia kwa zamu yake pale kilipokuwa cha bei nafuu.

Kuna nyingine chini ya milioni yenye 240, ni 982,800, ambayo imeiacha 11 kabisa ikachukua 3 tatu, 5 mbili, 7 na 13. Ukizihesabu zote zinazofikisha 240 chini ya milioni ni tano tu, hizo nne nilizotaja na hii, na hamna yoyote inayozidi hapo. Ya kwetu ndo ndogo.

Nani aliigundua?

Namba haigunduliwi na mtu mmoja, ila wazo la kutafuta namba zinazovunja rekodi ya vigawo lina wenyewe. Mgiriki Plato zamani hizo alipokuwa anapanga mji wake wa kufikirika alisema uwe na kaya 5,040, sababu zake zikiwa hizi hizi za kwetu za mgao, namba hiyo inagawanyika kwa kila kitu kuanzia 1 mpaka 10, na 12 pia, na akahesabu vigawo vyake 59 bila kujumlisha yenyewe. Kuhusu 11 alisema toa tu kaya mbili itakubali, na kweli 5,038 inagawanyika kwa 11. Sasa chukua hiyo 5,040 ya Plato zidisha kwa 11 unapata 55,440, zidisha kwa 13 unapata 720,720. Ni ukoo mmoja.

Lakini aliyeliweka jambo kisayansi ni Srinivasa Ramanujan, Mhindi aliyezaliwa Erode mwaka 1887. Alikuwa karani wa bandari ya Madras, ndiyo, karani, kama hawa wanaoandika mizigo pale Mwanza South, akawa anaandika hesabu zake pembeni mpaka akaitwa Cambridge. Mwaka 1915 alitoa kazi ndefu London juu ya hizi namba akaonyesha sheria zake: kwamba lazima vipande viwe namba tasa mfululizo bila kuruka, kwamba 2 haziwezi kuwa chache kuliko 3, 3 haziwezi kuwa chache kuliko 5, na kuendelea. Ukiangalia 982,800 iliyoruka 11 unajua mara moja haiwezi kuwa bingwa, hata bila kuhesabu.

Aliorodhesha kwa mkono mpaka 6,746,328,388,800. Soma tena hiyo namba, kwa mkono, hakuna kalkuleta. Katika orodha nzima ilimponyoka moja tu, 293,318,625,600, yenye vigawo 5,040, na cha kuchekesha ni kwamba ukiizidisha hiyo kwa 23 unaipata ile ya mwisho aliyoiandika. Alifariki 1920 akiwa na miaka 32.

Mbona ukigawa kwa 2 unapata 360,360 na kwa 3 unapata 240,240 lakini kwa 7 inatoka 102,960, hairudii?

Kwa sababu 720,720 ni 720 × 1,001. Namba yoyote ya tarakimu tatu ukiizidisha kwa 1,001 inajirudia, jaribu 458, utapata 458,458. Sasa ukigawa kwa kitu kinachoingia ndani ya 720 yenyewe, unagusa ile 720 tu na 1,001 inabaki salama, kwa hiyo jibu linaendelea kujirudia: kwa 4 ni 180,180, kwa 9 ni 080,080 yani 80,080, kwa 15 ni 48,048. Lakini 1,001 ni 7 × 11 × 13. Ukigawa kwa 7, 11, 13 au 14 unaivunja hiyo 1,001 na mchezo unaisha.

Humo humo kuna mbinu ya bure. Ukitaka kujua namba kubwa kama inagawanyika kwa 7, 11 au 13, ikate makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, afu toa na kujumlisha kwa kupishana. Mfano 5,712,707: makundi ni 707, 712 na 5. Chukua 707, toa 712, jumlisha 5. Unapata 0. Basi inagawanyika kwa zote tatu kwa mpigo. Ukipata kitu kingine, kijaribu hicho kidogo kwa 7, 11 na 13, jibu lake ndo jibu la ile kubwa. Madogo wa darasa la saba nikiwapa hii wanaenda kuwatesa kaka zao.

Ukiongeza moja inakuwaje? 720,721?

Inakufa kabisa. Namba mbili zinazofuatana hazishei kigawo chochote zaidi ya 1, kwa hiyo 720,721 haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7, 11 wala 13, milango yote imefungwa. Watu wanarukia kusema basi ni namba tasa. Siyo. Ni 71 × 10,151, vigawo 4 tu. Jirani wa upande wa pili, 720,719, ni 31 × 67 × 347, vigawo 8.

Na hapo kuna kitu kizuri zaidi. 720,722 lazima igawanyike kwa 2, kwa sababu 720,720 inagawanyika kwa 2 na umeongeza 2. 720,723 lazima igawanyike kwa 3. 720,724 kwa 4, na kuendelea mpaka 720,736 kwa 16. Ukirudi nyuma ni vile vile mpaka 720,704. Weka na wale majirani wawili ambao tumeshawavunja, unapata namba 33 mfululizo, kuanzia 720,704 mpaka 720,736, na katikati yake hamna namba tasa hata moja. Bila kompyuta, umelijua kwa kukaa na kufikiri tu.

Ukiigeuza dakika?

Hii niliulizwa na konda na imenifurahisha kweli. Dakika 720 ni saa kumi na mbili, yani mchana mmoja au usiku mmoja kama tunavyohesabu sisi. Kwa hiyo dakika 720,720 ni mchana na usiku 1,001 jumla. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi jua likichomoza, utapita siku 500 nzima na utamalizia saa kumi na mbili jioni kamili. Mchana 501, usiku 500. Hapa kwetu karibu na ikweta jua nalo linafuata saa hizo hizo bila kupishana sana, kwa hiyo ungeanza na jua likitoka na kumaliza likizama ziwani.

Sekunde hazina mvuto, siku 8 na saa 8 na dakika 12.

Ni namba ya bahati? Naweza kuitumia kwenye mkeka?

Hapana.

Mwanangu yuko darasa la saba, hii itamsaidia nini kwenye mtihani?

Mzazi mwenzangu, namba yenyewe hawatamuuliza, watamuuliza KDS ya 12, 15 na 16, na akishaelewa kwanini 720,720 ina 2 nne (kwa sababu ya 16) na 3 mbili (kwa sababu ya 9) hatakosa tena maisha yake yote. Kosa wanalofanya wengi ni kuzidisha zote, 12 × 15 × 16 wanapata 2,880, wakati jibu ni 240. Ukizidisha 1 mpaka 16 zote unapata namba ya tarakimu kumi na nne, wakati KDS ina sita tu.

Kingine ni kujumlisha sehemu. Jumlisha 1, nusu, theluthi, robo, moja ya tano, mpaka moja ya kumi na sita. Unahitaji asili moja inayowabeba wote, na ni hii. Jibu ni 2,436,559 juu ya 720,720, na haliwezi kurahisishwa hata kidogo. Ni kama 3.38. Mpe kijana aliyechangamka Jumamosi nzima imeisha.

Nimesikia kuna hesabu ya dola milioni moja inayohusu namba kama hizi. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

Kweli. Mwaka 1859 Mjerumani Bernhard Riemann alitoa dhana juu ya namna namba tasa zinavyojipanga, na mpaka leo hakuna aliyeithibitisha wala kuipinga. Taasisi ya Clay ya Marekani iliweka zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayeithibitisha.

Uhusiano wake na ubao wangu ni huu. Badala ya kuhesabu vigawo, vijumlishe. Vya 720,720 ukivijumlisha vyote 240 unapata 3,249,792, ambayo ni kama mara 4.509 ya namba yenyewe. Namba nyingi za kawaida hazifiki popote karibu na hapo. Sasa Mfaransa Guy Robin mwaka 1984 alionyesha kwamba huo uwiano wa jumla ya vigawo kwa namba yenyewe una dari, inakokotolewa kwa logi ya logi ya namba husika (logi asilia, ile ln ya kalkuleta) ukazidisha na kama 1.781, na dhana ya Riemann ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, kila namba kubwa kuliko 5,040 inabaki chini ya dari yake. Dari ya 720,720 ni kama 4.634. Imekaribia, haijagusa.

Na umeona imetajwa namba gani pale? 5,040, ile ile ya kaya za Plato. Yenyewe inatoboa dari, uwiano wake ni 3.838 na dari yake ni 3.817, na ndo ya mwisho inayojulikana kutoboa. Ukinipata nyingine kubwa kuliko hiyo inayotoboa, umeiangusha dhana ya Riemann na jina lako halitafutika. Pa kutafutia ni kwenye hizi hizi zenye vigawo vya kumwaga, namba ya kawaida haina jumla ya kufika huko. Watu wameshatafuta mbali sana kwa kompyuta, sikukatishi tamaa lakini usiache kazi.

Mbona umeishia 16? Si uandike inayogawanyika na 17 pia?

Naweza, ni 720,720 × 17 = 12,252,240. Inagawanyika kwa 1 mpaka 17, na 18 pia bila kuongeza kitu maana 2 na 9 zilishakuwemo. Vigawo 480.

Ila ubaoni haipandi. Rudi kwenye zile bei. Ukiwa na 720,720 unataka kufanya vigawo viwe mara mbili, una njia ya 17, na una ile njia ya 3 moja na 5 moja inayogharimu 15. Safari iliyopita 13 ilikuwa mezani na 15 ikashindwa. Safari hii 13 imeshatumika, iliyobaki ni 17, na 15 ni nafuu. 720,720 × 15 = 10,810,800, ina vigawo 480 vile vile na ni ndogo, kwa hiyo 12,252,240 haivunji rekodi yoyote ya vigawo, inabaki kuwa KDS tu. Na 10,810,800 haigawanyiki kwa 17. Kwenye 720,720 sifa zote mbili ziko kwa namba moja, kwenye 17 inabidi uchague unataka ipi.

Zinazoifuata kwa rekodi, kwa wale watakaouliza, ni 1,081,080 yenye 256, afu 1,441,440 yenye 288. Hiyo ya pili ni ya kwetu mara mbili, na ya kwanza ni ya kwetu na nusu yake. Tafuteni wenyewe kwanini 1,081,080 haigawanyiki kwa 16, mkija Jumatatu nitauliza.